Mtoto wa kaka yangu ana siku 11, hatujui tumwandike Me au Ke

ShangaziKiboriloni (Jumapili, saa 2 usiku)

Habari za jioni wapendwa. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, maana jambo hili haliongeleki sebuleni. Naombeni mnisome hadi mwisho, na kama huna la kusaidia, pita tu.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo, amejifungua siku 11 zilizopita. Ni uzao wao wa kwanza. Sisi ni wa Uru, huku Moshi, na kaka ndiye kitinda mimba, kwa hiyo kihamba, yaani shamba la ukoo pale nyumbani, ni chake na baba alikuwa anamsubiri huyu mjukuu kuliko kitu chochote. Mkunga alipomwinua mtoto alisema, "Hongera mama, dume." Kaka akapiga simu palepale. Baba akachinja mbuzi na jina likatoka, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba.

Kesho yake asubuhi akaja muuguzi wa zamu nyingine. Akamfungua mtoto nepi, akanyamaza. Akamwita mwenzake. Wakawa wanapapasa kwenye mfuko wa korodani, kushoto, kulia, wanaangaliana. Hakuna kitu ndani. Halafu mtoto akakojoa mbele yetu sote, na mkojo haukutoka kwenye ncha. Ulitokea chini, karibu na shina. Muuguzi alikuwa na karatasi ya tangazo la kizazi, na palipoandikwa Jinsi palikuwa pameshajazwa "Me" kwa penseli. Sikumwona akifuta, ila tulipopewa ruhusa pale mahali palikuwa peupe, karatasi imechubuka kidogo. Tukaambiwa turudi baada ya wiki sita, mengine hujirekebisha yenyewe.

Mimi nauza mitumba ya watoto sokoni Kiboriloni. Mteja akiinama tu kwenye meza yangu, swali langu la kwanza ni hilo: wa kike au wa kiume? Nimeuliza hivyo miaka tisa bila kufikiri. Nilikuwa nimemtengea mtoto fungu lake zima, fulana za magari, suruali mbili za kodrai ambazo hazijawahi hata kufuliwa. Mfuko uko chini ya kitanda changu mpaka leo.

Mama yangu anasema mtoto afanyiwe upasuaji haraka kabla watu hawajajua, akatwe kinachozidi yaishe. Mama mkwe wa kaka anasema ni maombi tu. Jirani mmoja ameshasambaza kwamba mtoto ana jinsi mbili na kwamba wifi ndiye aliyekula au kukanyaga kitu. Wifi mwenyewe halii tena. Anakaa na bakuli la mtori mkononi mpaka linapoa.

Kitu kingine, sijui kama kinahusiana. Tangu juzi mtoto anacheua sana, karibu kila akinyonya, na analala mno, tunamwamsha ndipo anyonye. Alizaliwa na kilo 3.4. Juzi mzani ulisoma 2.9. Tukaambiwa maziwa ya mama bado hayajakaa sawa.

Naomba anayejua aniambie: huyu mtoto ni nani? Tumwite nani, na tuandike nini? Na huo upasuaji, ni kweli unamaliza?

Mkunga_Mstaafu (Jumapili, saa 3 kasoro usiku)

Nisamehe mwanangu, naruka salamu. Acha jina, acha karatasi. Mtoto huyo apelekwe hospitali kubwa USIKU HUU, yenye daktari wa watoto na maabara isiyofungwa usiku. Msingoje kupambazuke.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 34 na nitakuambia kwa nini natetemeka. Mtoto anayeonekana wa kiume lakini korodani hazishikiki pande zote mbili, huyo hatuambiwi tusubiri wiki sita. Anapimwa kwanza. Na huyu wenu anatapika, analegea, na amepoteza nusu kilo wakati ambao alipaswa kuwa ameurudia uzito wa kuzaliwa.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inaitwa adrenali. Inatengeneza homoni mbili ambazo mtu haishi bila hizo: kotisoli, inayobeba mwili wakati wa shida, na aldosteroni, inayozuia chumvi isimwagike yote kwenye mkojo. Wapo watoto wanaozaliwa wakikosa kimeng'enya cha kutengenezea homoni hizo. Tezi haitulii, inajitutumua, na malighafi inayokwama inageuzwa kuwa homoni za kiume. Sasa kama mtoto ni wa kike, homoni hizo zinamfikia akiwa bado tumboni na kumjenga kwa nje kama mvulana. Kinembe kinakua kinafanana na uume, midomo ya uke inaungana inafanana na mfuko wa korodani. Ndani ana mji wa mimba na ovari kama kawaida. Madaktari huandika CAH, kifupi cha jina lake la Kiingereza, congenital adrenal hyperplasia. Duniani ni kama mtoto mmoja kati ya 15,000.

Sisemi ndicho alicho nacho huyu. Nasema ndicho kinachoua wiki ya pili na ya tatu, kwa hiyo kinaondolewa shaka kwanza. Mkifika mapokezi msiseme "mtoto ana jinsi mbili", mtaitiwa watu waje kutazama. Semeni hivi: mtoto anaonekana wa kiume, korodani hazishikiki, anatapika, uzito umeshuka kutoka 3.4 hadi 2.9, tunaomba apimwe sodiamu, potasiamu na sukari sasa hivi.

Wavulana wenye ugonjwa huu huonekana sawa kabisa kwa nje, ndiyo maana wengi huondoka bila mtu kujua. Mwaka 1994 nilimshika mmoja mikononi mwangu. Tukaandika upungufu wa maji. Miaka mingi baadaye nikakaa kwenye semina moja, mkufunzi akaeleza dalili, nikamkumbuka yule mtoto, na mama yake namkumbuka kwa kanga aliyovaa.

Ukifika nijibu hata neno moja.

ShangaziKiboriloni (Jumapili, saa 3:20 usiku)

Shikamoo mama. Kaka ameshaleta gari la jirani. Tunashuka.

Mzalendo_Halisi (Jumatatu, saa 1 asubuhi)

Kuna mwanaume na kuna mwanamke, basi. Haya mambo ya jinsi sijui tata yameletwa na wazungu ili tuzoee ushoga. Leo mnaanza na mtoto mchanga, kesho mtasema kila mtu ajichagulie. Mpelekeni mtoto kanisani.

Ustaadh_Bondeni (Jumatatu, baada ya swala ya adhuhuri)

Ndugu yangu Mzalendo, mtoto wa siku 11 hajafundishwa na mtu yeyote. Amekuja alivyokuja.

Na hili halikuletwa na ndege. Mimi nasomesha fiqhi hapa Bondeni, Arusha. Katika vitabu vya mirathi ambavyo wanazuoni wetu wamevisoma karne na karne kuna mlango wa khuntha, ndilo neno lililotupa sisi huntha. Waliuliza kwa adabu kabisa: mtu aliyezaliwa na viungo vya namna mbili arithi vipi, asimame safu gani, afe azikwe vipi. Waliangalia anakojolea wapi, kisha wakasubiri balehe ionyeshe. Na aliyebaki haeleweki wakamwita khuntha mushkil, wakamwekea hukumu zake, hawakumtupa nje. Wale wazee hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba watu wa namna hii wapo na wana haki ya kuzikwa na kurithi.

Hapo ng'ambo ya Holili tu, Kenya iliwahesabu katika sensa ya 2019, wakapatikana watu 1,524, na Sheria yao ya Watoto ya 2022 inawataja watoto huntha waziwazi. Hao ni waliokubali kujitaja.

Suala la ushoga ni suala jingine, usilipachike kwenye nepi ya mtoto. Dada, tunamwombea.

ShangaziKiboriloni (Alhamisi, saa 10 jioni)

Wapendwa, yuko hai.

Tulifika saa 5 kasoro usiku. Nikasema maneno ya mama mkunga kama nilivyoyaandika kwenye kiganja. Daktari wa zamu, kijana mdogo tu, akaniangalia akasema, "Nani amekufundisha haya?" Damu ikachukuliwa. Sodiamu ilikuwa 118, potasiamu 7.8. Sikujua ni nyingi au kidogo, nilijua kwa jinsi walivyoanza kutembea haraka. Dripu, sukari, sindano ya haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya ile kotisoli. Mtoto alikuwa hana nguvu hata ya kulia alipochomwa. Jumatatu saa 11 alfajiri akalia kwa njaa, na wifi akalia naye, kilio cha kwanza tangu atoke wodi ya wazazi.

Jumanne wakafanya ultrasaundi. Mtaalamu akageuza kioo akatuonyesha. Kitu kidogo, chembamba, katikati, nyuma ya kibofu. Akasema huu ni mji wa mimba. Damu nyingine imepelekwa kupimwa homoni na kromosomu, majibu yatachukua muda, lakini daktari anasema kila kitu kinaelekea kule alikosema mama mkunga.

Kwa hiyo ni msichana? Kaka ameuliza hivyo mara nne. Daktari alijibu taratibu kwamba ana ovari na mji wa mimba, wengi wa watoto hawa wakilelewa wasichana hukua wakijijua ni wasichana, na mtoto mwenyewe ndiye atakayekuja kusema akikua. Kaka akatoka nje. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi anafuta jina la baba kwenye simu, pale alipokuwa ameliandika kwenye kundi la ukoo.

Baba hajaja. Hajasema kitu. Mama alikuja jana na chupa ya mtori, akasimama mlangoni muda mrefu. Kwa mila yetu msichana wa kwanza anachukua jina la bibi mzaa baba, yaani lake. Hakuna aliyelitaja. Lakini bado anauliza habari ya upasuaji, na daktari mmoja ametuambia unaweza kufanyika akiwa mdogo ili "asije akasumbuka". Hapo ndipo sijui.

FundiWaSakina (Alhamisi, saa 4 usiku)

Shangazi, nafuata uzi huu tangu Jumapili na sikuwa na ujasiri wa kuandika. Mimi ni mwanamke, nina miaka 31, nashona sare za shule hapa Sakina, Arusha. Kromosomu zangu ni XY, zile ambazo kwa kawaida ni za wanaume.

Kidato cha tatu bwenini wenzangu wote walikuwa wameshavunja ungo. Mimi kila mwezi nilinunua pakiti ya pedi, nikaichana kwa nguvu ili isikike, nikaenda chooni, nikarudi. Nilifanya hivyo miaka miwili. Mama akanipeleka hospitali, wakaona sina mji wa mimba. Daktari akawaita wanafunzi wake bila kuniuliza. Walikuwa kumi na mmoja. Niliwahesabu kwa viatu, kwa sababu sikuweza kuinua macho. Halafu wakazungumza na mama kwenye korido, na mama akarudi akaniambia ni matatizo ya kizazi tu. Jina la hali yangu nilikuja kulisoma nikiwa na miaka 24, nimepewa faili nilibebe mwenyewe kutoka dirisha moja kwenda jingine.

Nimesoma kila nilichoweza tangu siku hiyo. Mpaka wiki ya 6 hivi ya mimba sisi sote tunafanana, tuna mifereji ya kike na ya kiume pamoja. Kwenye kromosomu Y kuna jeni inaitwa SRY, waligundua Uingereza mwaka 1990, ndiyo inayoiamuru tezi changa iwe korodani. Yangu ilifanya kazi. Korodani zikawepo, zikabaki tumboni, zikauzuia mji wa mimba usiote, zikatoa testosteroni kama za mwanaume yeyote. Ila seli zangu haziwezi kuipokea. Ilipita tu. Kwa hiyo nje nikajengeka mwanamke, matiti na kila kitu.

Mtoto wenu ni kinyume changu: inaelekea ni XX, za kawaida za wanawake, na homoni zilimfikia zisipotakiwa. Wawili sisi tukisimama mbele ya mtu anayesema "pimeni kromosomu mtajua", au anayesema "fungua nepi utajua", kila mmoja wetu atamkosesha jibu. María José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Hispania, ana hali kama yangu. Mwaka 1985 kule Kobe, Japani, alizuiwa kukimbia na wanawake wenzake kwa sababu ya kipimo cha kromosomu, na mwaka 1988 wakamrudisha, kwani mwili usiosikia testosteroni haupati nguvu yake. Na bado mwaka 2025, kabla ya yale mashindano ya dunia ya Tokyo ambako Simbu wetu alichukua dhahabu ya marathoni, wanariadha wa kike walitakiwa kupimwa hiyohiyo SRY.

Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa mkali sana kwenye jinsi na jinsia. Jinsi ni ya mwili. Jinsia ni nafasi unayopewa na watu, na unavyojijua wewe mwenyewe. Kwangu mimi mwili ndio una majibu mawili. Kujijua kwangu hakujawahi kuyumba hata siku moja. Lakini siwezi kusema ni hivyo kwa kila mtu. Jamhuri ya Dominika kuna watoto walioandikwa na watafiti mwaka 1974, walizaliwa wakionekana wasichana, wakavishwa magauni, na walipobalehe sauti ikazama na uume ukakua. Wengi wao wakaendelea na maisha kama wanaume. Na kuna David Reimer wa Kanada, ambaye hakuzaliwa na utata wowote. Tohara ilimharibu akiwa mchanga, mwaka 1966, na mtaalamu maarufu, John Money, akawashauri wazazi wamlee kama msichana, akafanyiwa na upasuaji. Haikukubali. Alipoambiwa ukweli akiwa na miaka 14 alichagua kuishi kama mvulana. Alijiua mwaka 2004.

Ndiyo maana nakuomba kwa heshima yote, shangazi, umwambie mama yako asubiri. Ugonjwa wa chumvi utibiwe leo, kesho na kila siku, huo hauna mjadala. Kama mkojo unaziba au kuna maambukizi, daktari afanye kinachotakiwa. Lakini kukata kinembe ili kionekane kidogo ni kwa ajili ya macho ya wageni wanaobadilisha nepi. Kilichokatwa hakirudi, na hisia zilizokuwa pale hazirudi. Malta walipiga marufuku mwaka 2015 upasuaji wa namna hiyo kabla mtoto hajaweza kuridhia mwenyewe. Muulizeni daktari swali moja: asipofanyiwa sasa, atapata madhara gani ya afya? Mkijibiwa kwamba ni mwonekano, rudini nyumbani na mtoto.

Na mwambieni. Akiwa na miaka minne kwa maneno ya miaka minne, akiwa na kumi kwa maneno ya kumi. Mimi XY haikuniumiza kama ile korido.

Mkunga_Mstaafu (Ijumaa, saa 12 asubuhi)

FundiWaSakina, nimekusoma mara mbili. Niliwahi kuwa miongoni mwa watu wa viatu wale, si siku yako, lakini siku ya mwingine. Nisamehe kwa niaba yake.

Shangazi, mwambie kaka na huyo jirani jambo moja zaidi. Ugonjwa huu unarithiwa kutoka pande zote mbili. Baba anabeba jeni moja, mama moja, wote wazima kabisa, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Wifi hakula kitu wala kukanyaga kitu. Mimba ijayo, wamwambie daktari mapema.

ShangaziKiboriloni (Ijumaa, saa 2 usiku)

Dada wa Sakina, nimeusoma ujumbe wako kwa sauti wodini, wifi akisikiliza na mama akisikiliza. Mama hakusema kitu. Akamchukua mtoto mikononi, mara ya kwanza.

Uzito leo ni 3.15. Mfuko ule wa chini ya kitanda nimeufungua. Amevaa suruali ya kodrai, maana huku juu usiku ni baridi na tunategemea kuruhusiwa Jumatatu. Fomu bado iko wazi pale kwenye Jinsi, daktari amesema tusubiri majibu yote ndipo tuijaze.

Shida sasa ni dawa. Nimezunguka maduka manne mjini. Haidrokotisoni ya vidonge nimepata, fludrokotisoni, ile inayoshika nafasi ya aldosteroni, hakuna. Na wametuambia tumwongezee chumvi. Nichukue ya jikoni tu?

Mkunga_Mstaafu (Ijumaa, saa 2:30 usiku)

Usikadirie kwa vidole. Chumvi inapimwa, daktari akuandikie kiasi cha siku na uchanganye na maji mbele yake mara ya kwanza. Fludrokotisoni msitoke hospitali bila kujua inapatikana wapi. Mwambie daktari wa homoni aagize kabla ya Jumatatu, na wakati wote muwe na akiba ya mwezi mmoja ndani.

Halafu chukua karatasi ngumu, andika jina la ugonjwa, dawa, dozi na namba ya simu ya kliniki, itie kwenye nailoni, ikae kwenye mfuko wa nepi. Akipata homa, dozi ya haidrokotisoni huwa mara mbili au tatu ya ile ya kawaida, wakuonyeshe kabla hamjaondoka. Akiitapika dawa, mnakwenda hospitali saa hiyohiyo kwa sindano, hata kama ni Krismasi na ukoo mzima uko kihambani. Na faili lote lipigeni picha, ukurasa kwa ukurasa. Ni la mtoto, siku moja ataliomba.